Daftari la Nyumba ya Wanyama

Mtafiti akitaka panya alikuja dirishani, akataja idadi, nami nikamtolea. Ndivyo kazi ilivyokuwa nilipoajiriwa kuwa fundi sanifu katika nyumba ya wanyama ya chuo, miaka ya themanini, nikiwa na stashahada yangu ya mifugo ambayo wino wake haujakauka. Tulikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, lenye safu za tarehe, jina, aina ya mnyama, idadi na sahihi. Safu ya sababu haikuwepo. Ukichukua panya kumi uliandika kumi, kama bohari ilivyoandika chupa na karatasi za kuchujia, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujua wale kumi waliishia wapi wala kifo chao kilifundisha nini.

Nayaandika haya kwa sababu vijana wanaoingia maabara leo huikuta fomu ya kibali cha maadili iko mezani tayari, kurasa nyingi, na wengi huiona ni kero ya ofisini. Mimi nilifanya kazi kabla yake na baada yake, katika jengo lilelile, na nataka wajue tofauti ilikuwa nini kwa mnyama mwenyewe.

Jengo letu lilikuwa la vyumba vichache. Kulikuwa na panya weupe, sungura, simbilisi, na nje kwenye banda mbuzi wa kutolewa damu ya kuoteshea bakteria. Kazi ilianza alfajiri kwa kuondoa maranda yaliyolowa na kutia mapya, kusafisha chupa za maji, kutazama nani hakula. Ukikaa na wanyama hivyo unajua mambo ambayo hayamo kwenye mihadhara. Simbilisi, kwa mfano, mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini C, kama sisi binadamu. Ukimlisha pumba na nafaka tupu, manyoya yanasimama, viungo vinavimba, anaanza kutembea kwa shida. Kwa hiyo kila jioni nilikwenda kukata majani mabichi nyuma ya jengo. Panya na wadogo zake wa jamii ya panya wa nyumbani niliwachukua kwa viganja viwili vilivyokunjwa, sikuwanyanyua kwa mkia, kwa sababu anayenyanyuliwa kwa mkia kila siku huwa mwoga na huuma. Mwaka 2010 watafiti wa Liverpool, Jane Hurst na Rebecca West, walichapisha vipimo vilivyoonyesha hilohilo: panya wadogo walioshikwa mkia walikuwa na hofu zaidi kuliko wale waliochotwa kwa viganja au kwa kijibomba. Niliposomewa habari hiyo nilifurahi sana. Panya mwenye hofu mapigo yake ya moyo yako juu, homoni zake ziko juu, na mtafiti anayempima anapima hofu pamoja na dawa yake bila kujua.

Lakini dirishani hakuna aliyeniuliza hayo. Waliuliza: wako wangapi?

Upande wa kufundishia ndio ulionikaa zaidi moyoni. Msimu wa mvua watoto wa mtaani walituletea vyura kwenye ndoo, nasi tukawalipa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa na somo la vitendo la msuli na neva: chura anachomwa sindano nyuma ya kichwa ili kuharibu ubongo na uti wa mgongo, kisha msuli wa mguu unaunganishwa na mashine yenye ngoma inayozunguka, iliyofungwa karatasi yenye masizi. Msuli ukipewa umeme unaruka, na kijiti kinachora mlima mweupe kwenye masizi. Sitasema lilikuwa jaribio baya. Nimewaona vijana wakifumbuka macho pale mchoro wa kwanza ulipotokea, wakaelewa kwa mara ya kwanza kwamba mwili unaendeshwa kwa umeme. Shida ilikuwa sindano. Kumchoma chura sawasawa ni ufundi wa mkono, na mwanafunzi hakuwa amewahi kuushika ufundi huo. Alipewa chura hai, akaonyeshwa mara moja, akaambiwa afanye. Darasa zima, kila wanafunzi wawili na chura wao.

Msichana mmoja aliniita kando ya meza. "Dada, anasikia?"

"Akichomwa vizuri, hasikii."

"Na huyu?"

Nilimchukua yule chura nikamaliza mwenyewe, haraka, kama nilivyofundishwa. Yule msichana aliendelea na somo na alifaulu. Wenzake wengine walicheka siku ile, na kicheko kile kilinisumbua kuliko machozi ya wale waliotoka nje. Wengi wao walikuwa wametoka kidato cha sita, ambako mtihani wa vitendo wa baiolojia ulikuwa na panya, chura au mende wa kupasua, na klorofomu kwenye pamba ndani ya chupa iliyofunikwa. Walifika chuoni wakiwa wameshazoea. Sasa kijana anayezoea hivyo akiwa na miaka kumi na minane, kesho ndiye daktari wa mifugo, ndiye mtafiti, ndiye mhadhiri anayekuja dirishani kutaja idadi. Ndiyo maana mpaka leo naamini kwamba maadili ya utafiti yanaanzia kwenye meza ya somo la vitendo, na kibali cha kufundishia kinastahili ukali uleule wa kibali cha utafiti.

Sitaficha jinsi fomu zilivyotufikia. Hazikuletwa na huruma. Miaka ya elfu mbili mhadhiri mmoja alituma makala yake kwenye jarida la nje, ikarudi na swali: namba ya kibali cha kutumia wanyama ni ipi, na kamati gani ilikitoa? Chuo kilikuwa na kamati ya maadili, lakini ilishughulika na tafiti za binadamu. Wafadhili nao wakaanza kuuliza hivyohivyo. Kisha nchi ikapata Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, iliyounda pia Baraza la Ushauri la ustawi wa wanyama, na hapo hata wale waliosema haya ni mambo ya wazungu wakapunguza sauti. Mwaka 2010 ukatoka mwongozo uitwao ARRIVE, unaoeleza mambo ambayo makala yoyote ya utafiti wa wanyama inapaswa kuyataja: aina, jinsia, umri, makazi, idadi na namna idadi hiyo ilivyopatikana. Majarida mengi yakaukubali. Ghafla mambo niliyokuwa nayajua mimi na wahudumu wenzangu yakawa yanatafutwa.

Chuo kilipokuwa kinajiandaa kuunda kamati ya wanyama, tuliletewa daktari wa mifugo kutuendeshea semina. Alitueleza juu ya kitabu cha William Russell na Rex Burch, Waingereza wawili, kilichotoka mwaka 1959, kabla sijazaliwa. Walisema mtafiti ajiulize mambo matatu. Je, anaweza kulijibu swali lake bila mnyama? Kama hawezi, ni wanyama wachache kiasi gani watatosha? Na hao watakaotumika, watapunguziwaje maumivu na hofu, tangu siku wanapoingia kizimbani hadi mwisho wao? Akaongeza kwamba Uingereza ilikuwa na sheria ya majaribio ya wanyama tangu 1876, na mwaka 1986 waliibadili: mtu awe na leseni yake, mradi uwe na leseni yake, na jengo nalo liwe na cheti. Nilipiga hesabu kimoyomoyo. Mwaka 1986 mimi nilikuwa nagawa panya dirishani kwa sahihi moja.

Kamati yetu ilipoundwa kulikuwa na mvutano juu ya nani awemo. Daktari wa mifugo, hilo halikuwa na ubishi. Mtakwimu, ndiyo. Mwanasheria, ndiyo. Mtu wa nje ya chuo kwa niaba ya jamii, akapatikana mzee mmoja wa msikiti, mwalimu mstaafu. Jina langu lilipotajwa kuna aliyesema fundi hawezi kukaa kuhukumu maandiko ya maprofesa. Mwenyekiti akajibu: "Huyu mama ndiye anayeshinda na hawa wanyama. Sisi tunashinda na makaratasi." Nikaingia.

Ombi ninalolikumbuka kuliko yote lilihusu mdondo. Anayefuga kuku wa kienyeji anaujua mdondo: unaingia kijijini, kuku wanasinzia, wanaharisha kijani, shingo zinapinda, na ndani ya siku chache mabanda ni matupu. Kuna chanjo ya I-2 inayovumilia joto, ya tone la jicho, na mtafiti alitaka kujua kama inaweza kuchanganywa kwenye chakula ikakinga vilevile, ili mama wa kijijini asilazimike kumkamata kuku mmoja mmoja. Swali zuri, lenye faida ya wazi. Ili kulijibu, kuku waliochanjwa na wasiochanjwa wangepewa virusi vikali, kisha wangetazamwa. Na kwenye kipengele cha mwisho wa jaribio aliandika maneno yaliyokuwa ya kawaida katika fani yake yote: watafuatiliwa hadi kufa.

Tulimwita aje aeleze. Alikuwa mtu mwungwana, mwenye haraka kidogo, kwa sababu vifaranga walikuwa wameshaagizwa.

Nikamwuliza, "Dokta, kuku akishapinda shingo, akashindwa kusimama, hafiki kwenye maji. Hapo umeshajua kuwa chanjo haikumkinga, au bado?"

"Nimeshajua, mama."

"Sasa siku mbili zinazobaki mpaka afe, anakufundisha nini?"

Alinyamaza, kisha akasema vitabu vinahesabu vifo. Ni kweli vilikuwa vinahesabu. Mtakwimu akaingia: hesabu waliofikia dalili kali pamoja na waliokufa, wawe kundi moja, jibu la swali lako halibadiliki. Tukakaa naye siku ile tukaandika orodha ya dalili. Kuku anayesinzia lakini anakula, aangaliwe. Anayeharisha na kujikunja, aangaliwe mara kwa mara na asogezewe maji. Aliyepinda shingo au asiyeweza kusimama, aondolewe mateso saa ileile na mtu aliyefunzwa. Yule mzee wa jamii alikuwa kimya muda mrefu, kisha akaeleza jinsi mchinjaji anavyotakiwa kunoa kisu chake mbali na macho ya mnyama, na kutomchinja mmoja mbele ya mwenzake. Akauliza: hao wagonjwa watauawa wapi, mbele ya wenzao? Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Likaongezwa kwenye fomu: chumba cha pembeni.

Lilibaki swali la siku za mapumziko, na hilo nililishikilia mwenyewe. Nilijua kutokana na kazi yangu kwamba wanyama wengi wa majaribio hufa kati ya Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi, bila shahidi. Mtafiti yuko nyumbani, mwanafunzi amesafiri, funguo ziko kwa mlinzi. Andiko linaweza kusema kuku wataangaliwa mara tatu kwa siku, lakini nani, na analipwa na nani? Tulimrudisha kwenye bajeti. Akaweka posho ya mhudumu wa Jumamosi na Jumapili, na jina la mtu, na namba ya simu iliyobandikwa mlangoni. Kwangu mimi mstari ule wa posho ulikuwa na maana kuliko kurasa zote za nia njema. Jaribio likafanyika, matokeo yakapatikana, na mtafiti yule baadaye alikuwa wa kwanza kuwaambia wanafunzi wake waje waone orodha yetu ya dalili kabla ya kuandika yao.

Watu hudhani kamati kazi yake ni kupunguza idadi tu. Si hivyo. Mtakwimu wetu alikuwa anakasirika kwelikweli alipoona ombi la panya watatu kwa kila kundi. Alisema tofauti ndogo haiwezi kuonekana kwa watatu. Jaribio litaisha bila jibu, na wale wote watakuwa wamekufa bure, kisha mwingine atarudia. Mara kadhaa tuliongeza wanyama. Ilinichukua muda kulikubali, mimi niliyewalisha, lakini alikuwa na haki. Kwa upande mwingine kulikuwa na wale wa sungura: wanataka kingamwili, wanataka kumchoma sungura dawa ya Freund ya kuchochea kinga, ile kamili yenye mafuta na bakteria waliokufa, mara kwa mara. Nimefunga vidonda vyake. Ngozi inapasuka, usaha unatoka, sungura anaacha kula. Tuliweka sharti: mara ya kwanza tu, kwa kiasi kidogo, kigawanywe sehemu kadhaa za mwili, na zinazofuata zitumike zile zisizo na bakteria. Na damu isizidi kipimo cha uzito wake kwa muda uliowekwa. Wengine waligundua kwamba kingamwili waliyoitaka inauzwa tayari.

Kwenye kufundisha tulipigana zaidi, kwa sababu mwalimu hapendi kuguswa somo lake. Kulikuwa na hoja ya haki: video inahitaji umeme na projekta, mifano ya plastiki ni ghali, na vitu vya nje havifiki. Jibu lilipatikana machinjioni. Moyo wa mbuzi, mapafu, figo, jicho la ng'ombe, vyote vya mnyama aliyekwisha kuchinjwa kwa ajili ya kitoweo. Mwanafunzi anapasua, anapuliza mapafu kwa mrija, anafuata mishipa kwa kidole, na hakuna aliyeuawa kwa ajili yake. Nilikwenda mwenyewe alfajiri na ndoo ya barafu kupatana na wachinjaji. Chura wa msuli na neva alibaki, lakini akawa wa mwalimu, mmoja mbele ya darasa, akichomwa na mkono unaojua. Kwa wanafunzi wa upasuaji, mbwa wa mtaani wa kupasuliwa kisha kuuawa akaachwa. Wakapelekwa kwenye kampeni za kuhasi mbwa wa watu, siku za chanjo ya kichaa cha mbwa, chini ya uangalizi. Pale mgonjwa anaamka kutoka nusu kaputi, mwenye mbwa amesimama mlangoni anasubiri. Mwanafunzi anafunga mshono wake kwa uangalifu wa namna nyingine kabisa.

Yaliyoniuma ni maombi ya nyuma. Mwanafunzi wa uzamili anakuja na data imeshakusanywa, panya wameshachomwa moto, jarida limeuliza namba, na msimamizi wake anasema, "Mama, ni muhuri tu." Tulikataa. Kibali cha jambo lililokwisha hakimsaidii mnyama yeyote, na kinamfundisha kijana uongo. Nililia na binti mmoja kwenye ngazi za jengo, kwa sababu kosa halikuwa lake; hakuna aliyemwambia mapema. Baada ya kesi yake idara ilikubali kwamba andiko la utafiti lenye wanyama lisisajiliwe mpaka liwe na barua ya kamati. Wapo pia waliokuwa wananakili fomu ya mwenzao, hata jina la mnyama likabaki la mwenzao: sungura kwenye ukurasa wa pili, panya kwenye wa tano. Dawa ya hilo tuliipata kwa kutembelea. Mjumbe mmoja na mimi tulikuwa tunapita vyumbani bila taarifa, tunafungua fomu mbele ya kizimba, tunalinganisha.

Na kuna wanyama ambao hawakai kwenye jengo letu kabisa. Mtafiti anayekwenda kuchukua damu ya ng'ombe wa wafugaji alikuwa anadhani hilo halituhusu, sindano moja tu. Lakini ng'ombe yule ana mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kuuliza damu inakwenda wapi na majibu yatarudi lini. Tuliongeza karatasi ya ridhaa ya mwenye mifugo, kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti kwa asiyesoma. Wafugaji waliuliza maswali magumu kuliko kamati.

Nilipokaribia kustaafu niliomba kitu kimoja kiandikwe kwenye kanuni: kwamba kiti cha fundi wa nyumba ya wanyama kiwe cha kudumu, kisitegemee hisani ya mwenyekiti. Kiliandikwa. Kijana aliyekikalia baada yangu hunipigia simu akikwama. Hivi karibuni kulikuwa na ombi la panya wa kupimiwa dawa ya mitishamba ya kisukari, na mtafiti, mtu mwenye cheo, alikuwa anambana asaini kabla ya kikao kwa sababu fedha za mradi zinaisha. Nikamwuliza kijana: amesema ni nani atakayeingia chumbani Jumapili? Akasema hakuna jina. Nikamwambia basi airudishe fomu, na ampigie mtafiti mwenyewe kumweleza kwa adabu ni mstari gani haujajazwa. Alifanya hivyo mchana uleule.